Buzuki, baglama au lira? Jibu kwa mpiga udi wa Tanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga udi kwenye kikundi kidogo cha taarab hapa Tanga. Mjomba wangu ni baharia. Meli yao ilitia nanga Piraeus, Ugiriki, akanirekodia kwa simu wazee wawili wakipiga muziki mkahawani. Mmoja ana ala ya shingo ndefu yenye mgongo wa mviringo kama udi, mwenzake ana nyingine ya umbo hilo hilo lakini ndogo mno. Mjomba aliambiwa ile kubwa ni buzuki. Rafiki yangu anayesoma Uturuki anasema hiyo ni baglama, na ni mali ya Waturuki. Mwingine anasema ala ya Wagiriki tangu zama za kale ni lira. Jina lake hasa ni lipi, limetoka wapi, na je, mjomba akininunulia moja nitaweza kupigia nyimbo zetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako hakudanganywa. Ile kubwa ni buzuki, na ile ndogo ya mzee wa pili ndiyo Wagiriki wanayoiita baglamas. Rafiki yako naye hasemi uongo, maana kwa Waturuki baglama ni ala kubwa ya shingo ndefu, ile inayojulikana pia kwa jina la saz. Basi jina ni moja, ala ni mbili: upande wa Uturuki wa bahari ya Aegean ni ya kukumbatia, upande wa Ugiriki ni ya kuingia mfukoni. Ukilielewa hilo, mengine yatanyooka yenyewe. Katika ukoo huu majina yalipanda chombo chake na ala zikapanda chao, na mara nyingi havikufika bandari moja. Mimi nikiulizwa ala fulani ni ipi, jina nalisikiliza kwa adabu, halafu natazama shingo.

Lira tuimalize mapema. Lira ya kale, ile iliyochorwa kwenye mitungi ya Athens, haikuwa na shingo hata kidogo. Ilikuwa na mikono miwili iliyobeba kijiti juu, nyuzi zikashuka kutoka kwenye kijiti hicho hadi tumboni, na ilichezwa kwa kudonolewa. Leo ukifika kisiwa cha Krete ukaomba kuonyeshwa lira, utaletewa ala ndogo ya nyuzi tatu inayosimamishwa juu ya goti na kupigwa kwa upinde, kama fidla iliyogeuzwa wima. Mpigaji haukandamizi uzi kwa ncha ya kidole. Anaugusa ubavuni kwa ukucha. Wagiriki waliotoka Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, nao wana lira yao, nyembamba na ndefu, ambayo Waturuki huiita kemenche. Jina lilikwisha hama zamani sana. Mwanajiografia Ibn Khurradadhbih, aliyeishi karne ya 9, aliwataja Warumi wa Byzantium kuwa na ala iitwayo lura, akaifananisha na rababu ya Waarabu. Na kama unadhani hayo ni ya Wagiriki peke yao, waulize jamaa zako walioko Oman au Kuwait. Kule tanbura, jina ambalo kwa Waajemi na Waturuki ni la ala ya shingo ndefu, ni ala isiyo na shingo kabisa, iliyofika Ghuba kutoka Sudan na Nubia. Lira ya kale hasa, kwa umbo, ndiyo ile.

Sasa jina buzuki. Maelezo yanayokubaliwa na wengi, nami nayakubali, ni kwamba limetokana na neno la Kituruki bozuk, yaani kilichovunjika au kilichoharibika. Usidhani walikuwa wakiitukana. Mturuki mwenye sarafu mfukoni huziita bozuk para, pesa zilizovunjwa, kama wewe unavyomwomba mwenye duka akuvunjie noti ya elfu kumi. Neno hilo lilitumika kwa namna moja ya kufunga nyuzi za saz: bozuk duzen, mpangilio uliovunjwa. Wapiga saz wanaujua hadi leo, na nyuzi zake hufungwa La, Re na Sol. Saz iliyofungwa hivyo ikaitwa bozuk kwa mkato, jina likaganda kwenye mti, na likabaki pale hata nyuzi zilipofungwa vingine. Wapo wanaolitafuta kwenye neno la Kiajemi bozorg, kubwa, kwa hoja kwamba ilikuwa ndiyo ala kubwa ya ukoo. Mimi hoja hiyo hainishiki, kwa sababu Wagiriki wenyewe walilichukua pia neno duzen kutoka kwa Waturuki, wakalifanya duzeni, na wapigaji wa zamani walikuwa na duzeni nyingi zenye majina ya Kituruki. Waliochukua neno la mpangilio na majina ya mipangilio hawakushindwa kuchukua na jina la ala lililozaliwa humo humo.

Kwa maandishi ya Kigiriki utaona jina limeanza na herufi mbili, mu na pi. Hiyo ni kwa sababu herufi yao ya beta hutamkwa kama V yetu, kwa hiyo wakitaka sauti ya B huunganisha mbili hizo. Mkazo wao unaanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bu-ZU-ki, kwa hiyo wewe na mimi tunalitamka sawasawa bila kufundishwa. Zikiwa nyingi husema buzukia, na hapo uwe macho: Mgiriki akikwambia leo usiku tunakwenda kwenye buzukia, anakualika kwenye ukumbi wa starehe, kuna mwimbaji jukwaani na maua yanarushwa, na huenda buzuki yenyewe usiione vizuri kwa moshi na taa. Mpigaji wake anaitwa buzuksis.

Je, ni ya Wagiriki au ya Waturuki? Utakutana na watu watakaokuonyesha picha ya jiwe la Mantineia, la karne ya 4 kabla ya Kristo, lililoko Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale mjini Athens. Juu yake amechongwa binti mmoja wa wale miungu-kike wa sanaa, ameketi juu ya mwamba, ameshika ala ya shingo. Ala hiyo iliitwa pandura, au trikordo, yaani ya nyuzi tatu. Kwa hiyo, watasema, buzuki ni yetu tangu enzi hizo. Jiwe ni la kweli na ala ni ya kweli. Lakini Pollux, mwandishi wa karne ya 2 baada ya Kristo aliyeandika kwa Kigiriki, anasema wazi kwamba trikordo ni uvumbuzi wa Waashuri, na kwamba hao ndio walioiita pandura. Hata Wagiriki wa kale, basi, waliiona ala ya shingo kuwa mgeni kutoka mashariki. Ukoo huu ulizaliwa upande wa Mesopotamia na kila taifa lililopita hapo limeulea kidogo. Kugombania nani mwenye nyumba ni kazi ya wanasiasa.

Ala ya shingo ndefu iliyoishi mikononi mwa Wagiriki chini ya utawala wa Waturuki iliitwa tambura, kwa matamshi yao tamburas. Ya jemadari Makriyannis, mmoja wa wapiganaji wa vita vya uhuru vilivyoanza 1821, imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia mjini Athens. Itazame picha yake ukipata nafasi. Shingoni mwake hakuna chuma. Mafundi wa tambura walifunga shingo kwa uzi wa utumbo, fundo moja kwa kila sauti, na fundo hilo husogezwa juu au chini kidogo kwa kidole. Maelezo ya kawaida ya jina baglama nayo yanatoka hapo, kwenye kitenzi cha Kituruki cha kufunga.

Tambura ikageuka buzuki kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyeigeuza ni mandolini ya Italia. Mafundi wa Athens na Piraeus walikuwa wakitengeneza mandolini nyingi, ndiyo iliyokuwa ikiuzika. Badala ya kuchimba tumbo kutoka kwenye gogo moja, wakaliunga kwa mbao nyembamba zilizopindwa, kama fundi wa udi anavyofanya. Vigingi vya mbao wakaviondoa, wakaweka vile vya chuma vyenye meno. Na shingoni, badala ya mafundo ya utumbo, wakapigilia vyuma visivyosogea, vilivyopimwa nusu toni kwa nusu toni kama vya gitaa. Hili la tatu ndilo litakalokuumiza wewe, nitalirudia.

Fundi mmoja wa wakati huo anastahili kutajwa kwa sababu jina la familia yake huenda umeliona hata Tanga. Anastasios Stathopoulo, Mgiriki aliyefanya kazi Smyrna, mji wa pwani ya Uturuki ambao leo unaitwa Izmir, kisha akahamia New York mwaka 1903, alikuwa akiwatengenezea wahamiaji wenzake ala za kwao, buzuki zikiwemo. Mwanawe Epaminondas, aliyeitwa Epi, akaurithi mradi, na jina la magitaa ya Epiphone likatoka kwake.

Buzuki ya kwanza ya namna hii ina nyuzi sita, mbili mbili, jozi tatu. Hufungwa Re, La, Re. Jozi ya chini ina uzi mnene na mwembamba, oktava mbali. Nyuzi zote ni za chuma, urefu kutoka kichwani hadi kwenye kidaraja ni kama sentimita 67, na hupigwa kwa kipande kidogo kigumu wanachokiita pena, si risha ndefu kama yako. Baglamas ya yule mzee wa pili imefungwa vile vile, ila oktava moja juu. Kuna ya katikati, tzuras, shingo inakaribia ya buzuki lakini tumbo ni dogo. Na hapo tena jina limepotea njia: kwa Waturuki cura, ambalo ndilo neno lenyewe, ni saz ndogo kuliko zote. Baglamas ilipendwa magerezani, kwa kuwa ilitengenezeka kwa kipande chochote cha mti, kwa kibuyu au hata gamba la kobe, na koti lilitosha kuificha.

Gereza halikutajwa bure. Muziki uliobeba buzuki uliitwa rebetiko, na makao yake yalikuwa bandarini, kwa makuli, wavuvi, wafungwa, na kwenye vijiwe vya wavuta bangi walivyoviita teke. Watu husema buzuki ililetwa na wakimbizi wa 1922, Smyrna ilipochomwa, na wale wa mwaka uliofuata, ambapo mkataba wa Lausanne uliwahamisha Wakristo wa Kiorthodoksi wa Uturuki kwenda Ugiriki na Waislamu wa Ugiriki kwenda Uturuki. Waliohamia Ugiriki walikuwa zaidi ya milioni moja. Sikubaliani na kauli hiyo ilivyo. Buzuki ilikuwa tayari Ugiriki, mabandarini na magerezani. Wakimbizi wa Smyrna walikuja na takhti, yaani kikundi cha ala, ya mjini: fidla, santuri (ala ya nyuzi zinazogongwa), kanonaki, ambayo ndiyo kanuni ya taarab, na uti. Uti ni udi wako huo huo. Walichokiongeza kwenye buzuki ni masikio, yaani maelfu kwa maelfu ya watu waliojazana Piraeus wakiwa na maqam, zile njia za sauti za muziki wa mashariki, vichwani na hawana kitu mfukoni.

Mtu wa kumfahamu ni Markos Vamvakaris. Alizaliwa 1905 Ano Syros, kisiwani Syros, katika jamii ya Wakatoliki wa huko, akaenda Piraeus akiwa bado mdogo. Alibeba mizigo bandarini, akafanya kazi machinjioni. Mwenyewe amesimulia kwamba alimsikia mtu mmoja, Nikos Aivaliotis, akipiga buzuki, na pale pale akaapa: asipojifunza ndani ya miezi 6, ataukata mkono wake kwa kile kisu cha kazini. Mkono ulibaki. Mwaka 1934 alikuwa na wenzake watatu, Giorgos Batis, Anestis Delias na Stratos Pagioumtzis, kwenye kundi lililojiita la Wanne wa Piraeus, na buzuki mbele kabisa, fidla na kanonaki hazipo. Msikilize Markos wa miaka hiyo kabla ya kumsikiliza mwingine yeyote. Hana madoido. Uzi wa chini unavuma kama zumari inayoshikilia sauti moja, wa juu unatembea taratibu, na sauti yake imekwaruzwa na vumbi la makaa. Moja ya nyimbo zake inaitwa Karaduzeni, na kara duzen, kwa wapiga saz, ni jina jingine la bozuk duzen. Jina la ala lilikuwa bado linakumbuka kwao.

Kampuni za sahani hazikumtafuta kwa hisani. Mwaka 1932 Ioannis Halikias, aliyejulikana Marekani kwa jina la Jack Gregory, alirekodi New York kipande cha buzuki bila maneno. Sahani ikafika Ugiriki, ikauzika, na wenye kampuni wakagundua kwamba kile walichokiona cha kihuni kina soko. Nakutajia tarehe hizo upime na zetu: Siti binti Saad alikuwa amekwisha kwenda Bombay kurekodi 1928. Buzuki ya Piraeus iliingia kwenye sahani baada ya taarab ya Kiswahili. Kwa hiyo mtu akikwambia buzuki ni ala ya kale sana na taarab ni ya juzi, mwulize anazungumzia santuri ipi. Nakusudia santuri ile ya sahani, maana na hilo jina Wagiriki wanalo kwa ala nyingine kabisa, ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti.

Mwezi Agosti 1936 jenerali Metaxas alijitwalia madaraka, na punde ikawa kila wimbo lazima upite kwa wakaguzi kabla ya kurekodiwa. Nyimbo za bangi zikafutwa, na pamoja nazo zile zenye harufu ya mashariki. Usione ni ajabu ya Wagiriki peke yao: upande wa pili, Uturuki, muziki wa jadi wa Kiothmani ulikuwa umepigwa marufuku redioni mwaka 1934, kwa sababu ulionekana wa kizamani na wa Kiarabu mno. Kila upande uliona haya kwa kitu kile kile. Vassilis Tsitsanis, kijana wa Trikala, akaja na mashairi safi na sauti zinazoelekea Ulaya, na buzuki ikaanza kukaribishwa sebuleni. Tarehe 31 Januari 1949 mtunzi Manos Hatzidakis, msomi wa muziki wa kinanda, alisimama kwenye ukumbi wa Theatro Technis mjini Athens akatoa mhadhara wa kuutetea rebetiko mbele ya watu waliokuja wengine kwa nia ya kukasirika. Mwaka 1960 Mikis Theodorakis aliyaweka mashairi ya Yannis Ritsos kwenye buzuki, na filamu ya Zorba ya 1964 ikamaliza kazi. UNESCO iliuorodhesha rebetiko kwenye urithi wa binadamu mwaka 2017. Kutoka teke hadi UNESCO, chini ya miaka 100.

Nimemruka mtu mmoja kwa makusudi, Manolis Chiotis. Yeye ndiye aliyeieneza buzuki ya jozi nne, katikati ya miaka ya 1950, iliyofungwa Do, Fa, La, Re. Kama kikundini kwenu kuna mpiga gitaa, mwonyeshe: hizo ni nyuzi nne nyembamba za gitaa zilizoshushwa toni moja. Chiotis alitaka kasi, alitaka kodi za kizungu, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, alitaka kipaza sauti, akapata vyote. Wengi wa wapigaji wa kumbi kubwa wanapiga ya jozi nne, na wale wanaoshikilia ya jozi tatu wanawaambia hiyo ni gitaa lenye tumbo. Mimi niko na hao wa jozi tatu. Ukifunga Re, La, Re, nyuzi zilizo wazi zinaendelea kuvuma chini ya wimbo, na mvumo huo ndio asali ya ala hii. Ukizifunga kama gitaa, mvumo unakatika kila unapobadilisha kodi.

Haya, nyimbo zetu. Nitakujibu kama mpiga udi kwa mpiga udi.

Ukisikiliza wapiga buzuki wakizungumza, utadhani uko Ng'ambo ya Zanzibar. Njia za muziki wao, wanazoziita dromos, yaani barabara, zina majina unayoyajua: Rast, Hitzaz, Sabah, Huzam, Niavent, Usak. Utafurahi, na furaha yako itadumu mpaka utakapoishika. Ile Rast yako, sauti ya tatu inakaa mahali ambapo haijashuka kuwa bemoli na haijapanda kuwa Mi kamili. Kwenye udi unaweka kidole hapo bila kufikiri, shingo haina kitu cha kukuzuia. Kwenye buzuki hapo hapana sauti. Kuna chuma kabla yake na chuma baada yake, katikati ni mbao. Kwa hiyo Rast ya Wagiriki ilipopanda kwenye vyuma ikawa karibu sawa na skeli kubwa ya kizungu. Usak yao, ambayo kwa sikio lako ingekuwa jamaa wa Bayati, ikalazimika kuishusha sauti ya pili nusu toni nzima, ikawa kama Kurdi. Sabah yao imepandisha ile ile ya pili, na huzuni yake yote, kwa masikio yangu, imebaki mlangoni.

Niavent inachekesha zaidi. Wewe ukisikia Nahawandi unajua ni skeli ndogo, tulivu. Niavent ya buzuki imepandishwa sauti ya nne, ina mrukio mkubwa kati ya ya tatu na ya nne, na kwetu ingeitwa Nawa Athar. Ukimwambia Mgiriki "tupige Nahawandi" mtaanza pamoja na mtaachana kabla ya mstari kuisha.

Kinachobaki salama ni Hijazi. Mruko wake mkubwa baina ya sauti ya pili na ya tatu unakaa kwenye vyuma bila kuteseka sana, na ndiyo maana Hitzaz imejaa kwenye rebetiko. Nahawandi yako halisi na Kurdi zitapigika vizuri, na Ajami pia. Kwa hiyo nyimbo zenu za Hijazi na Nahawandi, na nyingi za kisasa zenye kinanda ndani yake, buzuki itazipiga, na itazipiga kwa makali ambayo udi hauna, kwa kuwa chuma kinalia mbele kuliko nailoni. Za Rast na Bayati iache mkononi ukiimba tu, au uwe mtu wa kuuvuta uzi pembeni uipate ile robo toni kwa nguvu ya kidole. Inawezekana kwa sauti moja hapa na pale. Kwa wimbo mzima utachoka, na jozi yenye nyuzi mbili huvutika kwa shida.

Wagiriki wenyewe hili wanalijua. Tambura ya mafundo imerudishwa madarasani: kwenye shule za serikali za muziki, ya kwanza ikiwa ile ya Pallini iliyofunguliwa 1988, wanafunzi hujifunza tambura pamoja na piano, ili masikio yao yasikae kwenye vyuma maisha yote. Na kama unachokitaka ni shingo ndefu pamoja na Bayati yako, Walebanoni na Wasiria wana ala yao iitwayo buzuki pia, kwa Kiarabu buzuq, yenye nyuzi za chuma na mafundo yanayosogezwa shingoni. Marehemu Matar Muhammad wa Lebanon aliipiga mpaka watu wakausahau udi. Mwambie mjomba asubiri safari ya Beirut.

Kuna jambo jingine litakalokufaa zaidi ya buzuki yenyewe. Tafuta sahani za mtindo wa Smyrna za miaka ya 1920 na 1930, za Roza Eskenazi na Rita Abatzi, na fidla ya Dimitris Semsis na uti wa Agapios Tomboulis. Hapo utasikia kina ndugu. Takhti ni ile ile ambayo Zanzibar iliipokea kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, mpangilio ni ule ule, mwimbaji anaanza na kilio kisicho na mdundo kama mawwali. Hata kanuni ya hapo ilikuwa na tiketi ya kurudi: Wagiriki wa kale walikuwa na neno kanon, lenye maana ya sheria na kipimo, Waarabu wakalichukua wakaipa ala jina hilo, sisi tukalipata kwao kwa maana zote mbili, na Wagiriki walipoipokea ala kutoka mashariki wakaiita kanonaki, kanuni ndogo, kama mtoto aliyerudi nyumbani bila kutambuliwa.

Ukiwa bado unaitaka buzuki, sikiliza haya kabla mjomba hajatoa pesa. Ahesabu vigingi: 6 ni ya jozi tatu, 8 ni ya jozi nne. Wewe chukua ya 6. Atazame mgongo. Ukiwa bapa, hiyo ni buzuki ya Ireland; Johnny Moynihan aliipeleka huko katikati ya miaka ya 1960, mafundi wao wakaipiga mgongo pasi, na sasa maduka ya Ulaya yanaiuza kwa jina lile lile tupu. Ni ala nzuri ya kusindikizia, hufungwa Sol, Re, La, Re, lakini siyo uliyoiona mkahawani. Achunguze maungio ya mbao za mgongoni kama hayajaachana, na ashike ala kama anayelenga shabaha, aone shingo imenyooka. Kisha adonoe uzi wazi, halafu aubonyeze kwenye chuma cha 12: lazima sauti iwe ile ile, oktava juu. Isipolingana, kidaraja kimesogea, na hilo si kasoro ya kuikataa, kwani kidaraja cha buzuki hakikugundishwa, kimeshikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Kabla ya kuisafirisha aweke alama ya penseli pembeni mwa kidaraja. Nawe ukibadilisha nyuzi, badilisha jozi moja moja, usizifungue zote kwa pamoja.

Nyuzi zake hutazikuta madukani Tanga wala Dar. Nyingi zina kitanzi mwishoni badala ya kile kitufe cha shaba cha gitaa. Nunua nyuzi nyembamba za gitaa la chuma, kitoe kitufe kwa koleo taratibu, kitanzi kitabaki. Na kwa unyevu wa pwani, usiining'inize ukutani. Iweke kwenye sanduku lake, mbali na dirisha la upande wa bahari. Mjomba akiipata, anitumie kupitia kwako picha mbili kabla hajalipa, moja ya kichwa chenye vigingi na moja ya shingo yote ikionekana kwa ubavu.